Ufunguo wa Mgombea

Saa kumi na mbili kasoro jioni, Kaka Mkubwa alikuwa akifunga duka la funguo. Mtaa ule ulikuwa na vibaka wengi kiasi kwamba jua likizama kila mwenye akili yuko ndani. Ukutani, picha ya mdogo wake ilikuwa inacheka: *Nipeni udiwani, mlale milango wazi.*

"Milango wazi!" Kaka Mkubwa akasonya. "Na vitasa atamuuzia nani?"

Wivu ulikuwa unamla kama kutu. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo mtu kushika tupa. Leo mdogo mtu ndiye mwenye duka, mgombea, mheshimiwa mtarajiwa; mwalimu wake yuko meza ya nyuma, vumbi la shaba limejaa kwenye kucha. Na bado anatakiwa apige makofi!

Ndipo harufu ikaingia. Udongo uliolowa... na mvua haikuwa imenyesha.

Mbele ya kaunta alisimama mtu aliyejitanda shuka hadi puani.

"Nichongee ufunguo," alinong'ona.

"Uko wapi wa mfano?"

"Huuhitaji. Ni wa nyumba ya mdogo wako."

Fundi mwaminifu angemfukuza, na Kaka Mkubwa alilijua hilo vizuri. Lakini kitasa kile alikifunga kwa mikono yake mwenyewe, na meno ya ufunguo wake aliyajua kwa kichwa.

"Unakwenda kumfanya nini?"

"Unataka nikuambie?"

Hakutaka. Alichotaka ni ile picha iache kucheka. Akawasha mashine.

Krrrr... krrrr...

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema mlaji naye hujisikiaje. Yeye alijisikia vizuri, tena vizuri mno. Mgeni hakuutazama ufunguo hata mara moja. Alimtazama yeye: paji, pua, kovu la kidevuni, polepole, kama fundi nguo anayechukua vipimo.

"Malipo?"

"Nimeshachukua."

Kaka Mkubwa akajipapasa. Hakuna kilichopungua. Alipoinua macho, hapakuwa na mtu wala ufunguo.

Hapo hofu ikampanda, na aibu nyuma yake. Damu ni nzito kuliko maji. Akampigia mdogo wake.

"Toka nyumbani! Sasa hivi!"

"Kaka! Nipo kwenye kampeni. Kumbe shemeji hajakwambia? Mchana nimekufungia kile kitasa changu imara mlangoni kwako, mimi nimechukua chako kibovu."

"Umefanya nini?"

"Maadui zangu wakinikosa mimi watakuja kwako. Na mimi, Kaka, sina kaka mwingine."

Akakata simu, akapiga nyumbani. Mkewe alipokea, watoto wakipiga kelele nyuma yake.

"Sukuma kabati mlangoni! Usimfungulie mtu yeyote!"

"Nimfungulie nani tena?" Mkewe akacheka. "Wewe nawe kwa utani! Umeshafungua kwa ufunguo wako, umesimama hapo mlangoni, halafu bado unanipigia simu?"

"Mke wangu, nisikilize..."

Kwenye simu akasikia mlango ukifungwa. Ufunguo ukazungushwa, mara mbili.

Watoto wakanyamaza.

Kisha Kaka Mkubwa akaisikia sauti yake mwenyewe, karibu kabisa na simu, ikiuliza kwa upole:

"Nani huyo, mama watoto?"