Kitambaa Kimetoka, Kilio Kimebaki

Motlatsi alijigamba kwamba anamjua Khothatso kuliko Khothatso anavyojijua mwenyewe.

"Huyu nikimwona kisogo tu," aliwaambia wenzake asubuhi walipokuwa wakipanda kilima kwenda shule, "najua amekula nini, ameota nini, na hesabu gani imemshinda."

Wenzake walicheka, maana Motlatsi hata akitangaza kwamba mvua inakuja watu hucheka. Khothatso naye alicheka, akiwa wa mwisho kwenye mstari, amejifunga blanketi lake kwa pini kubwa begani. Kama majigambo yangekuwa uji, kijiji chao kile cha juu kabisa katika milima ya Lesotho kisingejua njaa.

Mama yake Khothatso alikuwa amefariki wakati wa kuvuna mahindi. Wazee walimshonea Khothatso kitambaa cheusi kwenye shati, kama desturi inavyotaka. Mtoto mwenye kitambaa hicho hachapwi, hatumwi maji, wala hataniwi. Sharti hilo la mwisho lilimtesa sana Motlatsi. Alizunguka na utani mdomoni kama mtu aliyetia kiazi cha moto, hawezi kumeza wala hawezi kutema.

Kwa kawaida kitambaa hukaa muda mrefu, mtoto azoee nyumba isiyo na sauti ya mama. Cha Khothatso hakikukaa. Mjomba wake alifanya kazi mgodini, ng'ambo ya mpaka, na yeye ndiye aliyepaswa kununua kondoo na kusimamia shughuli ya kukitoa. Likizo yake ilikuwa fupi. Basi wazee wakakubaliana kitambaa kitolewe mjomba akiwa bado yupo. Kondoo akachinjwa, Khothatso akanyolewa kichwa, akavalishwa shati jipya, kitambaa kikachomwa moto. Mjomba akapanda basi, akarudi chini ya ardhi. Huzuni ya mtoto ilikuwa imefuata ratiba ya mgodi.

Na kitambaa kikishatoka, kilio kimekwisha. Anayelia baada ya hapo husemwa kwamba anauita msiba mwingine nyumbani. Khothatso alibaki na bibi yake, 'Mamosa, na bibi huyo alimwambia hivyo waziwazi, jioni ileile, alipomkuta amejiinamia nyuma ya nyumba.

Jumatatu iliyofuata Motlatsi alifungulia zizi zima la utani.

"Karibu tena duniani, Bwana Yai la Bata," alisema, akikipapasa kile kichwa kilichonyolewa. Darasa zima liliangua kicheko. Khothatso alicheka pia.

Siku zilivyokwenda, Khothatso akaanza kusinzia darasani. Motlatsi akambatiza jina jipya, Mzee Godoro. Mchana, watoto walipopewa ugali na maharage, Khothatso alikuwa akiisogeza sahani yake pembeni, na Motlatsi, rafiki wa kweli, alikuwa akiimaliza. Kisha Khothatso akaanza kugawa vitu. Fimbo yake ya kuchungia, iliyonakshiwa na marehemu baba yake, alimpa Motlatsi. Kisu chake alimpa mtoto wa jirani. Mwisho, katikati ya baridi ile inayogandisha maji ndooni, alimpa mtoto wa darasa la pili blanketi lake.

"Mnaona?" Motlatsi aliwaambia wenzake. "Mjomba ametuma pesa. Tajiri hasikii baridi."

Ndivyo mjuzi wa visogo alivyosoma mambo.

Jioni moja alimfuata Khothatso kwenye zizi la kondoo, akamkuta amekaa juu ya ukuta wa mawe na shati tupu, midomo imepauka. Motlatsi alikaa karibu naye, akaanza kumwigiza mwalimu wa hesabu. Khothatso hakusikiliza.

"Nikikwambia kitu, utacheka?"

"Inategemea. Mimi nikipewa cha kuchekesha sirudishi."

Khothatso aliwatazama kondoo. "Nimechoka kuamka," alisema. "Kila asubuhi nikifungua macho nakasirika kwamba yamefunguka. Nataka nisiwepo tena."

Motlatsi alisubiri sehemu ya kuchekesha. Haikuja. Kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya, alifanya kile alichokijua.

"Sasa usipokuwepo, maharage yako nitayapata wapi?"

Khothatso alicheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha kila siku, lakini safari hii Motlatsi alikisikia vizuri. Kilikuwa kama mlango unaofungwa polepole ili waliolala wasiamke.

Kisha Khothatso akamtaka aape kwamba hatamwambia mtu. Motlatsi akaapa kwa jina la mama yake, kiapo ambacho huko milimani hata mwizi wa kondoo hakichezei.

Kesho yake Motlatsi hakutania mtu. Kesho kutwa vilevile. Mwanzoni wenzake walidhani anaandaa jambo kubwa, wakawa wanamkodolea macho wakisubiri. Lakini yeye alikuwa akimtazama Khothatso tu, na Khothatso akitoka kwenda chooni, naye aliomba ruhusa. Siku ya tatu kiti cha Khothatso kilikuwa kitupu.

Mwalimu wao, Mwalimu Nthabeleng, alikuwa amemwita Motlatsi mbele mara nyingi kwa kelele. Siku hiyo alimwita kwa sababu ya ukimya. Alimpeleka nje, kwenye kivuli cha ukuta, akamuuliza amemeza nini.

Motlatsi alisema hajameza kitu. Kisha akasema kuna mtu anayemfahamu. Kisha akasema huyo mtu hayuko hapo shuleni. Kisha akaona kwamba kila neno linamsogeza karibu na kiapo, machozi yakamtoka.

"Nimeapa kwa mama yangu, Mwalimu. Nikisema, mama atakufa. Nisiposema, atakufa Khothatso."

Mwalimu aliweka chaki mfukoni. Hakupiga kelele wala hakumgombeza. Alimwambia Motlatsi kwamba kiapo cha kumficha mtu anayezama hakimfungi mtu yeyote, na kama kuna laana, imwangukie yeye mwalimu. Ndipo Motlatsi akasema yote, hata habari ya maharage.

Walikwenda nyumbani kwa bibi karibu wakikimbia. Khothatso alikuwa amelala, uso ameuelekeza ukutani, uji wa asubuhi umeganda pembeni. Motlatsi aliinama mpaka akamsikia akipumua.

Bibi 'Mamosa hakufurahi. Alisema mtoto ana uvivu wa baridi tu, utapita. Mwalimu alipomweleza aliyoyasikia, bibi alimkataza asiyarudie chini ya paa lake.

"Kitambaa kimetoka," alisema. "Wataka majirani waseme tulikitoa vibaya? Mimi nimemzika mtoto wangu mwenyewe, Mwalimu. Umeniona nikilia?"

"Sijakuona, bibi," alijibu Mwalimu. "Ndiyo maana sasa naogopa kwa ajili ya watu wawili."

 Bibi akavua blanketi lake yeye mwenyewe, akamfunika mjukuu.

Mwalimu aliazima farasi wawili kwa jirani. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya bonde, na theluji ilikuwa imeanza kuanguka. Bibi alipanda mmoja na Khothatso, Mwalimu akapanda mwingine, Motlatsi nyuma yake.  Njia nzima Motlatsi alitazama mgongo wa rafiki yake ukitikisika mbele yake, asijue kama ni baridi au ni kitu kingine, yeye aliyejigamba kwamba kisogo kile anakisoma.

Siku hiyo ilikuwa siku ya mshauri wa vijana, mtu anayekuja kutoka mjini kuzungumza na watoto wenye mizigo moyoni. Kwa ajili hiyo Mwalimu alikuwa amewaharakisha. Walipofika, Nesi Mpolokeng aliwaambia kwamba theluji imefunga njia mlimani, gari la mshauri limerudi. Na mshauri huyo alikuwa mmoja kwa wilaya nzima.

Motlatsi aliketi sakafuni. Alikuwa amevunja kiapo na kumsaliti rafiki mbele ya bibi yake, na sasa hapakuwa na mtu. Aliwaza kwamba dunia imeumbwa hivi: mtoto akianza kuzama, gari hukwama.

Lakini nesi alikuwa amekwisha kumkalisha Khothatso karibu na jiko la mafuta ya taa. Alimpa chai ya moto. Hakumwambia ajikaze. Alimuuliza polepole, kwa maneno ya wazi, kama anafikiria kujidhuru, na Motlatsi alishangaa kwamba swali hilo linaweza kusemwa kwa sauti na paa lisianguke. Khothatso aliitikia kwa kichwa. Nesi alimshukuru kwa kusema kweli, akampigia mshauri simu, akamwachia Khothatso chumba azungumze naye. Aliacha mlango nusu wazi, akakaa palepale karibu.

Kutoka chumbani sauti ya Khothatso ilianza kidogo, ikakatika, kisha kikaja kilio kikubwa, kile kilichokatazwa tangu siku ya kondoo. Bibi aliinuka kwenda kumnyamazisha. Alifika mlangoni, akashindwa. Aliteleza na ukuta mpaka chini, akajifunika uso kwa kilemba, akamwita binti yake kwa jina.

Hakuna lililopona siku ile. Nesi aliwaambia hivyo bila kuwaficha. Khothatso angelala hapo zahanati, bibi akiwa naye, mpaka njia ifunguke na mshauri afike. Baada ya hapo angerudi mara kwa mara, siku nyingine akiwa na nafuu, siku nyingine akiwa vibaya tena, na asingeachwa peke yake. Nyumbani ingebidi waruhusu machozi.

"Kitambaa hutolewa kwa siku moja," alisema, akimwinua bibi. "Huzuni haina siku yake. Mtoto akicheka, msidhani amepona. Na ninyi watoto, mwenzenu akisema amechoka kuishi, hiyo haiwi siri tena. Ni moto ndani ya nyumba. Mwiteni mtu mzima, na asiposikia, mwiteni mwingine."

Khothatso alikuwa ametoka chumbani, macho yamevimba, amekaa kwenye benchi na kikombe chake. Nesi alimgeukia Motlatsi.

"Na wewe? Unalala?"

"Mimi?" Motlatsi alijinyoosha. "Mimi nalala kama gogo, Nesi. Jogoo wa kwetu amekwisha kunikatia tamaa."

"Mwongo huyo," alisema Khothatso, bila kuinua kichwa. "Tangu nimwambie, kila usiku yuko nje ya dirisha letu, ameegemea ukuta na fimbo. Anadhani simsikii meno yanavyogongana."

Bibi alipangusa macho, akamtazama Motlatsi kwa makini.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mimi nilidhani ni mbwa. Nimekuwa nikikurushia mifupa."

Motlatsi aliinama, masikio yakawaka. Khothatso hakucheka. Alisogea tu pembeni kwenye benchi, akamwachia nafasi.