Jini la Mzee wa Kanisa

Jenereta lilikuwa limezimwa na vijana wako kivulini wanakula, ndipo karasha likakohoa. Kikohozi kimoja tu, kikavu, kutoka ndani ya pipa la chuma linalosaga mawe ya dhahabu.

"Nkwabi, jini lako bado halijashiba?" Masele akatania. Wenzake wakacheka, lakini hakuna aliyegeuka kulitazama pipa.

Nkwabi alikaa pembeni na kikombe chake mwenyewe, maana tangu itangazwe kwamba ana jini, hakuna aliyekubali kunywa naye. Enock, msimamizi wao, akainamia ugali wake. Jini lile alilitunga yeye.

Ilikuwa hivi. Daktari wa zahanati alisema vumbi la mawe limeingia kwenye mapafu ya Nkwabi, apewe ruhusa ya ugonjwa na apelekwe hospitali kubwa. Enock akaogopa. Bosi Charles angeuliza barakoa za vijana ziko wapi, nazo yeye kazifungia stoo akiwasubiri wakaguzi. Basi akamwambia bosi, "Yule haumwi. Ana jini la dhahabu. Dawa yake ni maombi."

Ruhusa ikafa palepale. Na Nkwabi mwenyewe akaamini. "Nisamehe, kaka," alimwambia Enock. "Kumbe nimewaletea balaa kazini." Maneno hayo yalimchoma Enock, mzee wa kanisa, kuliko tusi lolote.

Jioni hiyo, nyumbani kwake Masumbwe, alikuta nyayo nyeupe za vumbi kutoka mlangoni hadi kitandani. Shuka lilinuka jiwe lililopasuliwa.

"Baba Nyamizi," mkewe Generosa alinong'ona, "umekuja na nani?"

"Peke yangu. Kwani vipi?"

"Chai ina mchanga. Na kuna mtu anakohoa chumbani."

Kikohozi kikakoma. Sauti kavu ikasema kwa adabu, kama ya mgeni aliyealikwa, "Shikamoo, mzee. Uliniita."

Jumapili Nkwabi aliletwa mbele ya kanisa kuombewa, amebaki mifupa, na Enock ndiye aliyemshika kichwa, akihisi kifua kile kikikwaruza kama pipa lenye mawe, akiisikia ile harufu ya jiwe ikipanda mpaka puani, akijua kwamba neno moja tu la kweli lingemtoa mtu huyu kwenye vumbi siku hiyohiyo, na neno lenyewe limemkaa kooni, halipandi wala halishuki.

"Wewe jini!" Mchungaji Rhoda alikemea. "Nani kakuleta?"

Mdomo wa Enock ukafunguka wenyewe. "Huyu mzee. Alinitunga ili mgonjwa asipumzike."

Bosi Charles akasimama. Mchungaji akamsogelea Enock, akauliza taratibu, "Mzee, unasema wewe au linasema jini?"

Mungu alikuwa amemfungulia mlango. Alitakiwa kusema, ni mimi. Akayaona macho ya waumini, akashikwa na aibu.

"Ni jini, mchungaji. Limeniingia mimi sasa."

Mikono yote ikamwacha Nkwabi, ikamwangukia yeye. Walimwombea mpaka sauti zikawakauka. Bosi akampa Enock ruhusa, apumzike nyumbani hadi apone.

"Na wewe Nkwabi, limeshakutoka. Kesho kazini."

"Asante, bosi," Nkwabi akasema, akakohoa.

Jumatatu asubuhi Enock alilala amefunikwa vizuri, uji wa moto pembeni. Kule bondeni karasha likawashwa. Kitanda kikabonyea miguuni, kama mtu amekaa.

"Pumzika, mzee," ile sauti ikasema. "Siku utakayosema kweli, nitaondoka."

Enock akafungua mdomo amwite Generosa, amweleze yote. Likatoka vumbi. Likamwagika jeupe juu ya shuka, na katikati ya mngurumo wa karasha akamsikia Nkwabi anakohoa, karibu kabisa, ndani ya kifua chake yeye.