Mnong'ono wa Mzee Yakobo

Kila siku akitoka shule, Letisia alivua sare, akala maharage yake harakaharaka, kisha akaingia chumba cha nyuma kupanga nyaya za vyombo. Mjomba wake, Nazario, alipiga gitaa la besi katika bendi moja ya Gitega iliyochanganya jazi na muziki wa kwao. Walikuwa na saksafoni, kinanda na ngoma, na sasa walitaka inanga, ala ya jadi ya nyuzi, katika albamu yao mpya. Letisia, mwenye miaka kumi na mitatu, alijiona fundi mitambo kamili. Cheo hicho alijipa mwenyewe.

Jumatatu moja Nazario alirudi kutoka Mwakiro, upande wa Muyinga, alikokwenda kumrekodi Mzee Yakobo, mkulima aliyepiga inanga tangu ujana.

"Usiguse simu yangu mpaka nitoe nakala," alisema, akaenda kuoga.

Letisia akaigusa, akafungulia rekodi. Nyuzi zililia vizuri, lakini juu yake kulikuwa na "fff, sss" isiyokwisha. Akadhani ni upepo. Akafungua programu ya kusafisha sauti, akabonyeza "ondoa kelele", akahifadhi juu ya rekodi ileile. Nyuzi zikabaki peke yake, safi kabisa. Akajipongeza.

Jioni bendi ilikusanyika kusikiliza. Nazario akakunja uso.

"Mnong'ono uko wapi? Mpiga inanga husimulia kwa kunong'ona, nyuzi ndizo zinazoimba. Mzee alinong'ona mbele yangu!"

Letisia akaitazama simu. Kumbe ile "fff, sss" ilikuwa Mzee Yakobo mwenyewe!

"Muzee pumzi imemuishia, haikufika kwa simu," alisema Esdras, mpiga ngoma kutoka Uvira. "Mi naona tumuache tu. We umupigie, umuambie pole."

Nazario akapiga simu, akamwambia mzee kwamba mnong'ono haukusikika. Sauti ya mzee ilijibu polepole, "Basi nimezeeka, mwanangu. Inanga sitaipiga tena."

Letisia akajifanya anakunja nyaya. Laiti ardhi ingepasuka immeze! Usiku hakulala, darasani hakusikia kitu, na kila mara mjomba alipomwita "fundi wangu" alitazama chini kwa aibu.

Alhamisi akashindwa kuvumilia. "Mjomba, mzee hana tatizo. Mimi ndiye niliyeifuta sauti yake."

Nazario hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. "Kuifuta ningekusamehe jioni ileile," alisema. "Lakini umemwacha mtu mzima aamini kwamba amekwisha. Jumamosi utamwambia kwa mdomo wako."

Walimkuta Mzee Yakobo uani kwake Mwakiro, akipukuchua maharage pamoja na mkewe, Efrazia.

"Shikamoo, babu," Letisia alisema, macho chini.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona hunitazami?"

Akaeleza yote, machozi yakimtoka. Mzee aliacha maharage.

"Kwa hiyo pumzi yangu uliiona upepo?"

"Ndiyo, babu. Nikaogopa kusema. Nisamehe."

"Siku zote hizi hajaigusa inanga yake," alisema Efrazia kwa uchungu. "Hata chakula alikuwa anakilazimisha."

Letisia akalia kwa sauti. Mzee Yakobo aliinuka, akaingia ndani, akatoka na inanga. Akaiweka mapajani na kumwonyesha Letisia mahali pa kushika simu, karibu na kinywa chake.

Akaanza. Sasa Letisia alisikia kila neno: msichana wa Gitega alifuta pumzi ya mzee, akakaa kimya siku tatu, kisha akasafiri hadi Mwakiro kusema kweli. Uso ulimwaka. Alitamani kuitupa simu, lakini aliishikilia palepale.

Mzee alipomaliza, alimshika bega.

"Nimekutia humo ili usisahau. Ukiharibu kitu cha mtu, sema siku hiyohiyo. Ukinyamaza, mwingine anabeba lawama yako, kama nilivyoibeba mimi. Umesikia?"

"Nimesikia, babu."

"Haya. Na hiyo usiifute."