Mpishi wa Kantini Kwenye Harusi ya Sindano

"Mpishi yeyote utakayemtaka nitamkubali. Ila si Mama Upawa."

Spana alisema hivyo huku ameinama kwenye cherehani, akijifanya anakaza skrubu ambayo haikuwa imelegea. Sindano akaacha kukata kitambaa. Mdogo wake, aliyekuwa amekaa juu ya robota la nguo na simu mkononi, naye akanyamaza, jambo ambalo huwa halimtokei.

Harusi ya Sindano na Spana ilikuwa imekaribia, na kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa chakula. Mpishi wa kwanza alitaja bei iliyomfanya hata mdogo mtu, mpenda makuu kama yeye, agune. Wa pili aliongea sana kuhusu riboni za viti na taa za rangi, na alipoulizwa watu watakula nini, akasema hilo litajadiliwa mbele. Ndipo Sindano alipomkumbuka Mama Upawa, aliyekuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha nguo, pale pale alipokutana na Spana ujanani. Kiwanda kilishafungwa zamani, lakini Mama Upawa hakuwahi kuzima jiko. Siku hizi yeye na binti yake walikuwa wakilisha mafundi kwenye majengo yanayojengwa, kwa masufuria yale yale makubwa, na bei yake ilikuwa ya watu wanaotoka jasho.

"Shemeji, mimi nina sababu zangu," mdogo mtu akasema. "Dada anataka wageni wapange foleni. Kila mtu na sinia lake la bati, kengele ilie, ndipo wapakuliwe. Wageni, shemeji! Wamevaa, wamejipulizia manukato! Lakini wewe sababu yako ni ipi?"

"Sina."

"Mtu hakosi sababu," Sindano akasema.

"Haya, chakula chake kina chumvi."

"Wewe? Uliyekuwa unaomba kuongezewa mpaka wenzako wanakucheka?"

Spana alijifuta mikono kwenye kitambaa ambacho Sindano alikuwa hajakiuza bado. "Kuna mtu ananisubiri na pampu yake," akasema, akatoka.

Sindano aliutazama ule mgongo ukipotea mlangoni. Alikuwa anaujua. Aliwahi kuuona ukiondoka hivyo hivyo, bila neno.

*

Enzi hizo Sindano alikuwa sindano kweli. Mwembamba, mwepesi, anapita kati ya mitambo ya kufuma bila kugusa kitu. Spana alikuwa fundi wa mitambo hiyo hiyo, na kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mapenzi yao yalianza kwa ishara za mikono. Pa kuongea palikuwa kantini tu, kwenye meza ndefu, katikati ya mvuke wa chai na vicheko vya watu waliochoka.

Kantini ilikuwa na desturi yake, ambayo meneja hakuijua na wafanyakazi wote waliijua. Mwanamke wa zamu ya mchana akimpenda mwanamume wa zamu ya jioni, alimchukulia chakula, akakiweka kwenye rafu karibu na jiko na kukifunika kwa kitambaa chake mwenyewe. Mwanamume akila, alikirudisha kitambaa kwa mkono wake, na hapo mambo yaliendelea. Kitambaa kikirudi kwa mkono wa mtu mwingine, ujue umekataliwa, na hakuna wa kukueleza zaidi.

Sindano alikuwa na kitambaa cha maua mekundu alichokipinda mwenyewe. Tangu Spana ahamishiwe zamu ya jioni, kilikwenda na kurudi kwa muda mrefu. Halafu siku moja alikikuta juu ya mtambo wake, kimefuliwa, kimekunjwa, na wenzake wakamwambia kimeletwa na Mama Upawa. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kazini. Spana hakumsogelea tena, na mwezi haukuisha akawa amehamia mji mwingine. Sindano akaolewa, akazaa mtoto mmoja wa kiume, akafiwa na mume.

Walikutana tena juzijuzi tu, cherehani yake ilipogoma na mteja mmoja akamletea fundi. Fundi alikuwa Spana, kichwa kimeanza kuota mvi, ameoa na kuachana na mkewe. Mapenzi yakaamka kama watu waliosinzia kidogo. Walikubaliana jambo moja: ya zamani yasifukuliwe.

Sasa Sindano aliona kwamba bila kufukua, hakutakuwa na harusi. Alichukua simu akaandika:

"Kesho naenda kuonja chakula cha Mama Upawa. Ukitaka kuja, njoo."

Jibu lilichelewa mpaka akaanza kuuma kucha.

"Nitakuja."

*

Mama Upawa alikuwa amenenepa na miguu ilimsumbua, kwa hiyo alipika amekaa, upawa mkononi, akitoa amri kama zamani. Binti yake, mwanamke mrefu mwenye mabega mapana, ndiye aliyebeba masufuria.

"Shikamooni," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Jamani, jamani!" Mama Upawa akapiga makofi. "Sindano na Spana! Nilijua tu mtarudiana. Siku zile nilimwambia mume wangu, hawa hata wakikosana, watapatana. Kaeni mle."

Sindano alionja, na kijiko kikabaki mdomoni. Yalikuwa maharage tu, na wali. Lakini alisikia king'ora cha zamu, akasikia harufu ya pamba na mafuta ya mitambo, akawaona rafiki zake wakigombea benchi la dirishani. Machozi yakamlengalenga.

Spana hakugusa chake.

"Mama," akasema polepole, "wewe ndiye uliyeniambia sina chakula. Siku ile. Mbele ya watu. Wakacheka."

"Siku ipi tena, baba?"

"Siku ambayo kitambaa cha Sindano hakikuwepo kwenye rafu."

"Kitambaa kilikuwepo!" Sindano akadakia. "Nilifunikia chakula mimi mwenyewe! Wewe ndiye uliyekirudisha kwa mkono wa Mama Upawa!"

"Mimi? Sindano, mimi sikukiona kabisa!"

Wakageuka wote wawili kumtazama mpishi. Mama Upawa aliweka upawa chini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya katikati ya mapishi.

"Ee Mola wangu," akasema. "Ile sahani niliila mimi."

"Nini?"

"Niliila, wanangu. Nilikuwa na mimba, na mimba haina adabu. Siku nzima napikia watu, mwenyewe sijaweka kitu tumboni. Kila nikipita, ile sahani inaniita. Nikasema nionje kijiko kimoja. Nilipokuja kushtuka, sahani nyeupe. Spana akaingia. Ningemwambiaje, mpishi mzima nakula chakula cha watu? Nikamwambia huna sahani leo. Kile kitambaa nilikidondoshea mchuzi, nikakifua vizuri, nikakirudisha kwa mwenyewe. Nikaona nimefanya uungwana."

"Kwa mkono wako," Sindano akasema.

"Kwa mkono wangu. Wala sikufikiria. Kesho yake nikajifungua, kabla ya siku zangu. Niliporudi kazini, huyu ameondoka na wewe umeposwa. Nikajua mmeshindwana kwa mambo yenu."

Binti alikuwa amesimama na sufuria mikononi, akiwatazama mmoja mmoja.

"Kwa hiyo," binti akauliza kwa woga, "aliyekula hicho chakula ni mimi?"

Sindano alimwangalia yule mwanamke, mkubwa kuliko mwanawe, mabega yale. Akajaribu kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka mpaka akashika mbavu, na Mama Upawa akacheka huku analia, akaomba msamaha mara nyingi kuliko alivyohitaji.

"Nimesamehe, mama. Ungeniambia tu ningekuwekea sahani mbili."

Lakini walipotoka nje, kicheko kilikuwa kimemwisha.

*

"Yameisha, Sindano," Spana alisema kwa furaha, akitembea kama aliyetuliwa mzigo. "Apike yeye. Apike hata kesho."

"Hayajaisha. Mama Upawa nimemsamehe, alikuwa na njaa. Wewe ulikuwa na nini?"

"Sindano..."

"Ulihama mji kwa sababu ya sahani ya maharage! Mtambo wangu ulikuwa hatua chache kutoka pale. Hukuja kuniuliza. Na juzi tena, ulipoona jambo linakuuma, ukaniambia habari za chumvi, ukatoka."

"Na wewe hukuuliza."

"Sikuuliza, na nimelipia. Lakini mimi sikuhama. Nitazeeka na mtu wa namna gani? Siku nikiunguza mboga, nikinuna, nikichelewa, nitaamka nikute kitanda kitupu?"

Spana akainama, akajifanya anakaza kamba ya kiatu. Na hicho ndicho kilichomuumiza Sindano kuliko yote.

"Nenda," akamwambia. "Ukipata la kuniuliza, unajua ninapofanyia kazi. Usipolipata, basi hakuna harusi."

Mdogo mtu alipiga simu jioni ile ile.

"Dada, nasikia eti umeahirisha? Yaliyopita si ndwele!"

"Hii haijapita. Juzi tu ilikuwa dukani kwangu, inakaza skrubu."

Siku zilipita. Sindano alishona, akafumua, akashona tena. Gauni lake la harusi lilining'inia ukutani na wateja wakaanza kuuliza linauzwa bei gani. Usingizi ulimkimbia, kwa sababu alimpenda yule mtu, alimpenda tangu zile ishara za mikono, na hakutaka kumkosa mara ya pili. Ila kumpata nusu hakutaka pia.

Spana alikuja asubuhi, wateja wamejaa. Alisimama mlangoni bila begi la zana, mikono haijui ikae wapi.

"Nina maswali," akasema.

"Uliza."

"Mbele ya hawa?"

"Mimi kitambaa kilirudishwa mbele ya watu, na wewe walikucheka mbele ya watu. Uliza."

Wateja wakajidai wanapima vitambaa, masikio yamesimama.

"Mwaka ule nilipoondoka, ulinitafuta?"

"Nilikutafuta. Nilikwenda kwa mama yako, akaniambia hujaacha anwani."

"Hivi sasa unanipenda, au unamkumbuka kijana fulani wa kiwandani?"

"Yule kijana sikumjua vizuri, alikuwa haongei. Wewe ndiye unayenikosesha usingizi."

"Nikikaa kimya tena, utanifanya nini?"

"Nitakuuliza mpaka utakimbia."

"Sikimbii," Spana akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Swali la mwisho. Utanioa?"

Mteja mmoja akacheka. "Baba, anayeoa ni wewe!"

"Najua. Lakini safari hii nataka aamue yeye."

"Nitakuoa," Sindano akasema, na duka zima likapiga vigelegele.

*

Harusi ilifanyika kwenye ukumbi wa shule. Mama Upawa alikaa mbele ya masufuria kama malkia, binti yake akapiga kengele, na wageni, wenye suti na wenye mavazi ya kung'aa, wakapanga foleni na masinia ya bati. Mwanzoni walinong'ona. Halafu watu wa zamani wa kiwandani wakaanza kusukumana na kutaniana, kila mmoja akitaka kujua nani bado anaomba nyongeza, na vijana wakawaona wazazi wao wakicheka kwa namna ambayo hawakuwahi kuiona. Mdogo mtu, aliyeapa hatagusa sinia, alirudi kwenye foleni mara mbili.

Sindano aliwatazama kutoka meza ya maharusi. Wengine walikuwa na mikongojo. Wengine hawakuwepo, na hawangekuja tena. Akainamisha kichwa, na shela ikaficha uso.

Spana aliona. Zamani angetoka nje kutafuta cha kutengeneza. Alisogeza kiti chake karibu.

"Unalia nini?"

"Acha tu. Leo si siku yake."

"Niambie."

Sindano alisita. Lilikuwa neno zito kumwambia mume kabla hata hajala chakula cha harusi yake.

"Namkumbuka baba wa mwanangu," akasema hatimaye. "Najua haifai. Lakini alikuwa mtu mwema, na hapa ningependa angekuwepo."

Akasubiri mgongo ugeuke.

Spana akamshika mkono, akamfunua shela taratibu ili amwone vizuri, na akamuuliza jambo ambalo tangu msiba ule hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Sindano akajifuta macho, akaanza kumsimulia.