Aliyekaa Kiti cha Mapepe

Nilitoka kwenda kuanua nguo tu. Ilikuwa Alhamisi, jua limeshazama nyuma ya jengo la wodi, na matroni wa hosteli yetu hakutaka kuona hata soksi kwenye kamba baada ya kengele ya chakula. Nikachukua beseni, nikapitia mlango wa nyuma.

Nilikuwa nimefika nusu ya kamba niliposikia kandambili. Pa. Pa. Pa. Sikuwa na haja ya kutazama. Miaka miwili na nusu tulilala chumba kimoja, nikamjua hadi anavyokohoa.

Jina la Mapepe tulimpa wenyewe, wiki ya kwanza chuoni, kwa sababu alikuwa hatulii. Alicheka darasani, alicheka wodini, hata siku tulipopelekwa mochwari alicheka, kwa woga. Jioni ile hakuwa na kicheko.

"Mtihani wa mwisho Jumatatu," alisema.

"Najua."

"Wewe nambari kumi na saba, mimi kumi na nane. Nitakaa nyuma yako."

Nikaendelea kukunja shuka.

"Sikuombi uniandikie. Uinamishe bega tu. Ugeuze karatasi kidogo, nione. Basi."

"Hapana."

"Hata hujafikiria!"

"Nimefikiria wiki tatu."

Alijua ninachosema. Wiki tatu nyuma, kwenye wodi ya wazazi, alivuta dawa kwenye bomba la sindano kumchoma mama aliyejifungua asubuhi ile. Alivuta mara kumi ya kipimo. Nilimdaka mkono sindano ikiwa imeshagusa ngozi. Nikaimwaga dawa kwenye sinki, sikumwambia mtu, tukaenda kula.

"Ile ilikuwa siku moja," alisema.

"Na yule mama alikuwa na roho moja."

Akanisogelea. Nilisikia pumzi yake usoni. "Nimefeli mara mbili. Ya tatu wananifukuza. Kaka kaniambia nikirudi bila cheti nisishushe hata begi. Unajua yote hayo."

"Soma. Una siku tatu."

"Nikisoma haiingii! Unadhani nacheza?" Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe roho yako nyeusi ti. Umeivalisha gauni jeupe tu, watu wasiione."

"Afadhali mimi. Wewe ukilivaa hilo gauni utaua watu."

Nilisema kwa sauti. Neno likamwingia, nikaliona linavyomwingia. Midomo ikamcheza. Halafu macho yake yakapita juu ya bega langu, yakatulia mahali.

"Na hilo la nani?"

Mwisho wa kamba lilining'inia gauni. Jeupe kama yetu, ila mikono mirefu, na kiunoni limeshonewa mkanda wa bluu. Magauni yetu hayakuwa na mkanda. Nguo zote zilikauka tangu adhuhuri. Lile...

Lilikuwa linachuruzika.

Tone. Tone. Tone.

Chini yake udongo umeshakuwa matope. Lilinuka kama nguo iliyosahauliwa ndani ya ndoo.

"Si letu," nikasema. "Liache."

Nikabeba beseni langu. Nilipofika mlangoni nikatupa jicho nyuma. Mapepe bado alikuwa amesimama mbele ya lile gauni, ananong'ona. Nilidhani ananitukana.

Tangu hapo hakunisemesha. Alinipita chumbani kama anapita nguzo. Mswaki wake aliutoa kwenye kikombe tulichokuwa tunachangia, akauweka dirishani peke yake. Na mimi kiburi kikanipanda. Nikasema moyoni, aninunie mpaka achoke.

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni, nikarudi kutoka maktaba. Mlango wetu ulikuwa umerudishiwa. Ndani Mapepe alikuwa anauliza:

"Mama akitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, cha kwanza nini?"

Sauti nyingine ikamjibu.

Ya kike. Ndogo. Imenyooka.

"Ita msaada. Kanda mji wa mimba. Angalia kibofu kisiwe kimejaa. Angalia kondo limetoka lote..."

Ilikuwa sahihi, hatua kwa hatua. Lakini nilivyosimama pale na vitabu vyangu kifuani, nikagundua kitu kilichonisimamisha nywele. Ilitaja hatua tisa mfululizo. Haikuvuta pumzi hata mara moja.

Nikasukuma mlango.

Mapepe alikuwa peke yake. Amekaa kitandani kwake, amekielekea kitanda cha tatu, ambacho hakijawahi kuwa na mtu tangu tuhamie. Godoro la kile kitanda lilikuwa limebonyea katikati. Limelowa.

"Unaongea na nani?"

"Na mwenye roho nzuri," akanijibu. Akatabasamu. "Kumbe wapo."

Gauni lenye mkanda wa bluu lilikuwa limetundikwa juu ya mto wake.

Sikuweka hata vitabu chini. Nikaenda moja kwa moja kwa matroni. Alikuwa mama wa makamo, mkali, ukimsalimia anakujibu huku anakukagua kucha. Nilimkuta anahesabu mashuka. Nikaanza kumweleza, naye anaendelea kuhesabu, mpaka nilipotaja mkanda wa bluu. Hapo akaacha. Akainuka, akafunga mlango kwa komeo.

"Umeliona wewe mwenyewe?"

"Kwa macho yangu, mama."

Akakaa.

"Wakati wetu magauni yalikuwa na mkanda," alisema. "Kulikuwa na binti mmoja, ana akili kama nini. Rafiki yake akamwomba amwonyeshe majibu. Akamwonyesha. Wakakamatwa. Rafiki akasema yeye hajui lolote, eti yule binti ndiye aliyekuwa anamchungulia. Basi yule binti wakamchania karatasi mbele ya darasa zima, wakamtoa. Mtihani wa kwanza tu, hata nusu hajafika." Akavuta shuka moja mapajani. "Jioni wakamkuta kwenye tangi la maji. Hapo nyuma, zinapoanikwa nguo."

"Sasa anataka nini?"

"Anataka kiti tu. Hajamaliza mtihani wake."

"Na rafiki yake?"

"Alifaulu."

"Yuko wapi?"

Matroni akayatazama mashuka yake. Mikono yake ikaanza kuyapanga upya, wakati yalishapangika.

"Nenda," alisema. "Na kama mwenzako amekuomba msaada, msaidie. Msaidie kabla hajasaidiwa."

Jumapili nzima nilishindana na nafsi yangu. Kila nikifumba macho namwona yule mama wa sindano. Nikiyafumbua, naona kitanda kimebonyea. Mapepe alilala ameukabili ukuta, hakugeuka, hakula. Nilimwita mara moja, akajifunika shuka kichwani.

Jumatatu asubuhi tukapanga foleni mlangoni pa ukumbi. Jua linawaka, watu wanasomeana vikaratasi, wengine wanakwenda chooni mara ya tano. Alikuja wa mwisho. Amevaa lile gauni. Ajabu, hakuna aliyelishangaa isipokuwa mimi. Nikamvuta pembeni.

"Nimekubali," nikamnong'oneza. "Nitageuza karatasi. Nitakuonyesha yote. Nisamehe. Livue hilo gauni tuingie."

Mkono wake ulikuwa wa baridi. Umelowa, na ngozi ya vidole imejikunja kama ya mtu aliyefua siku nzima.

"Nashukuru," alisema. "Lakini nimesoma."

Mapepe hakuwahi kuniambia "nashukuru" hata siku moja. Alikuwa anasema "umeua, shoga," halafu anacheka.

Tukaingia. Msimamizi alikuwa mwanamume wa kutoka nje ya chuo, mwembamba, viatu vyake vinalia kila akipiga hatua. Akagawa karatasi. Akatazama saa. "Anzeni."

Nyuma yangu kalamu ikaanza.

Kwaru, kwaru, kwaru, kwaru...

Hata swali la kwanza sijamaliza kulisoma. Ile kalamu haikusita, haikutafuta neno. Nikajikaza, nikaandika. Swali la pili. La tatu. Kisha nikasikia kitu kingine, chini.

Tone.

Tone.

Maji yalitambaa polepole kutoka chini ya kiti cha nyuma. Yakapita miguu ya kiti changu. Yakafika kwenye soli za viatu. Ile harufu ya ndoo ikanijaa puani hadi macho yakaniuma. Nikatazama kulia: jirani yangu anaandika, viatu vyake vimekauka. Kushoto hivyo hivyo.

Nilikuwa swali la saba niliposikia naitwa.

"Shoga..."

Haikutoka kitini. Ilitoka mbali, chini, inarudi mwangwi, kama mtu anayesema ndani ya pipa.

"Shoga, ni mimi."

Alikuwa Mapepe. Ile sauti yake ya kitoto, ya kukaribia kulia.

"Geuka... Sitaki majibu. Unione tu. Geuka unione..."

Na nyuma yangu kalamu inaendelea. Kwaru, kwaru. Mkono unaandika na mdomo unaomba, na mkono na mdomo havikuwa vya mtu mmoja.

Nikainua kichwa. Shingo ikaanza kwenda yenyewe.

"Kumi na saba!"

Viatu vikalia. Msimamizi alikuwa amesimama mbele yangu, kidole juu. Ukumbi mzima ukanitazama.

"Macho mbele. Ukigeuka naichana hiyo karatasi, sasa hivi."

"Shoga... nimeshika ukingo... mikono inateleza..."

Nikamfikiria mama yangu. Nikafikiria miaka yangu yote chuoni. Nikajiambia labda ni woga, ni usingizi, ni njaa, sijala tangu jana. Nilijiambia mengi, yote kwa sekunde chache.

Nikatazama mbele.

"Shoga..."

Halafu nikasikia kitu kimetumbukia majini. Kidogo tu. Kama sabuni ikiangukia ndani ya ndoo.

Kalamu ikasimama.

Nilipotazama chini, sakafu ilikuwa kavu.

Alikuwa wa kwanza kukusanya karatasi. Nje alinisubiri kwenye ngazi. Ni uso wa Mapepe, meno ya Mapepe, kovu la kidevuni ni lake. Lakini alisimama miguu pamoja, mikono ameituliza, kama anayepigwa picha.

"La saba umeliandikaje?" akaniuliza kwa upole.

Nilishuka ngazi mbio, sikutazama nyuma.

Alikuwa wa kwanza katika darasa lote. Wakufunzi wakashangilia, wakasema mnaona, mtu akiamua. Siku ya kutunukiwa vyeti kaka yake alikuja. Fundi wa magari, shati jipya, weusi wa girisi bado uko kwenye kucha. Akamkuta dada yake na cheti mkononi. "Shikamoo, kaka," akamwambia, akampigia goti.

Yule kaka alimtazama kwa muda mrefu. Hakuitika. Akanivuta nyuma ya ukumbi.

"Dada, yule ni nani?"

"Ni Mapepe, kaka."

"Mimi nimembeba dada yangu mgongoni." Macho yalikuwa yameiva kwa hasira. "Nakuuliza tena. Yule ni nani?"

Akaondoka peke yake, hakumuaga.

Tukapangwa kazi pamoja, wodi ya wazazi. Mwaka wa pili huu. Nimeomba uhamisho mara tatu, mkubwa wetu ananishangaa, ananiuliza nani anakataa kufanya kazi na mkunga kama yule. Wanawake wanamwulizia wakiwa bado getini. Mikononi mwake hajafa mama. Hajafa mtoto. Nikisema ana ubaya nitakuwa mwongo.

Wiki iliyopita, mchana, mama mmoja alianza kutokwa damu. Nyingi. Mikono ikaniganda. Yeye akanisukuma kwa bega, akafanya yote, kimoja baada ya kingine, bila pupa. Damu ikakata. Mume wa yule mama alipiga magoti koridoni akalia kama mtoto mdogo.

Na mimi nikawaza, laiti angekuwa Mapepe mwenyewe, huyu mama angekuwa amefunikwa shuka sasa. Nililiwaza hilo, nikajichukia.

Tulikwenda kunawa, sinki moja. Hakunitazama.

"Siku ile ulipoitwa," alisema, "ungegeuka, angetoka majini."

Nikashika ukingo wa sinki.

"Niliogopa sana. Karatasi yangu ilishachanwa mara moja."

Akajifuta vidole, kimoja kimoja. Akarudi kwa wagonjwa.

Kaka yake hunipigia simu kila mwisho wa mwezi. Swali lake ni lilelile. Jana alipiga nikiwa zamu.

"Umemwona dada yangu?"

"Tuko naye hapa, kaka."

"Sikukuuliza huyo."

Upande wake nilisikia vyuma vinagongwa, mtu anaomba spana.

"Niambie kitu kimoja tu," akasema. Hasira ilishamwisha, imebaki sauti tupu. "Wewe ulikaa mbele yake siku ya mtihani. Kuna kitu ungeweza kufanya?"

Kupitia kioo nilimwona anamfunika mtoto mchanga, anamwekea kofia, anamlaza kwa mama yake. Akainua macho. Akawa ananitazama, anasubiri.

"Hakuna, kaka," nikamwambia. "Hakikuwepo."