Sahihi za Siku Sita

Kila Jumatatu, kabla ya kengele ya shule, nilimsindikiza mama kazini. Alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli na hospitali. Yeye alikuwa kwenye mashine ya pasi, ile yenye rola mbili za moto zinazomeza shuka upande huu na kulitema upande wa pili, limenyooka. Mbele ya rola palitakiwa kuwa na kizuizi cha chuma. Mkono ukikigusa, mashine inazima papo hapo.

Mlangoni paliwekwa daftari la usalama. Kila asubuhi mfanyakazi alitakiwa akague mashine yake, aone kizuizi kipo, ndipo atie sahihi. Nani alikuwa na muda huo? Msimamizi, ambaye wote walimwita Bwana Haraka, alikuwa akipiga makofi tu: “Haya, haya! Sainini za wiki nzima, kazi haingoji!” Basi watu wanasaini Jumatatu mpaka Jumamosi kwa mkupuo mmoja. Mama, huku akifunga kitambaa kichwani, ananiambia, “Nisainie, mwanangu, wewe una mwandiko mzuri.” Nami kwa majivuno yangu yote namsainia siku sita.

Kizuizi chenyewe hakikuwepo! Bwana Haraka alikuwa amekifungua miezi mitatu nyuma, eti kila shuka nene likikigusa, mashine inazima na kazi inachelewa.

Jumanne moja niliitwa kutoka darasani. Nje alisimama Mama Sabuni, shoga yake mama kazini, aproni imelowa chapachapa. “Jikaze, mwanangu,” aliniambia. “Mama yako ameumia mkono.” Rola zilikuwa zimemkamata vidole vya mkono wa kulia, na mashine haikuzima mpaka Mama Sabuni alipokimbilia swichi ya ukutani.

Mama alilazwa mpaka Jumamosi. Alirudi nyumbani bila vidole viwili.

Jumapili Bwana Haraka akatutembelea, mkononi kafuko ka machungwa. “Pole sana, dada yangu. Ndiyo dunia. Ajali haina kinga.”

“Ilikuwa na kinga,” nilisema. “Uliifungua mwenyewe.”

“Pilipili!” mama alinikemea. Ndivyo wanavyoniita nyumbani, na sikatai.

Bwana Haraka akajifanya hakusikia. Akatoa karatasi iliyochapwa, akaiweka juu ya meza. Mama hawezi kusoma maandishi madogo bila miwani, kwa hiyo nikamsomea. Karatasi ilisema kwamba mama aliumia kwa uzembe wake mwenyewe, kwamba mashine ilikuwa na kizuizi, na kwamba hatadai fidia yoyote.

“Weka tu dole gumba la kushoto hapo,” alisema kwa sauti ya asali. “Kazi yako tunakutunzia. Utafagia.”

“Na bima je?” mama aliuliza.

“Bima gani, dada? Bima ni ya kiwanda kikiungua moto.”

Mama alisitasita. Ndipo yule bwana akatoa daftari la usalama mkobani, akalifungua na kugonga mstari mmoja kwa kidole. “Jumanne. Sahihi yako hii hapa, unasema kizuizi kipo. Ukienda kudai, nani atakuwa mwongo? Mimi au wewe?”

Mama akanitupia jicho, kisha akainamisha kichwa. Hapo nikatambua. Mwandiko ule ulikuwa wangu! Mama alikuwa tayari kupoteza haki yake kuliko kunitaja mimi. Nilijisikia vibaya, na papo hapo hasira zikanipanda kichwani.

“Hiyo sahihi ni yangu mimi!” nilipaza sauti, nikalivuta daftari. “Na hii ya Alhamisi je? Na ya Ijumaa? Alhamisi mama alikuwa wodini, mjomba! Alitoroka na dripu yake aje kukagua mashine?”

Bwana Haraka alininyang’anya daftari. “Mtoto gani huyu asiye na adabu! Haya, kasemeni mnakotaka. Mtaonekana waongo, mama na mwana.” Akaondoka, karatasi akaiacha. Alitupa muda wa kuitia dole mpaka kesho yake jioni.

“Wacha niweke dole, mwanangu,” mama alisema. “Sitaki uingie kwenye kesi.”

“Nilishaingia, mama. Niliingia nilipoishika ile kalamu.”

Asubuhi tulikwenda ofisi ya kazi, ile ya serikali inayosikiliza malalamiko ya wafanyakazi. Afisa alikuwa mama mmoja mwenye miwani inayomteleza puani. Nilimweleza yote, pamoja na sahihi zangu. Nilingoja anigombeze.

“Nani alifungua kizuizi?” aliuliza.

“Msimamizi.”

“Basi kosa lako lina mahali pake, ila lisifiche la kwake. Kuweka mashine salama ni wajibu wa mwajiri, na sahihi kwenye daftari haimwondolei wajibu huo. Tena kiwanda kile kina bima ya wafanyakazi. Mtu akiumia kazini anatibiwa na kulipwa. Huyu bwana anaogopa jambo moja tu, watu wa bima wakija watauliza kizuizi kiko wapi.”

Hakungoja kesho. Tulifuatana naye mpaka kiwandani, saa nne ya asubuhi. Daftari lilikuwa limesharudishwa mlangoni; alilifungua, akakuta watu wote wamekwisha kusaini mpaka Jumamosi.

“Hongereni,” alisema. “Ninyi mmeshaiona Jumamosi. Mimi bado niko Jumatatu.”

Bwana Haraka alianza kueleza kwamba kizuizi kimepelekwa kwa fundi. Mama Sabuni akafuta mikono kwenye aproni, akajitokeza. “Fundi gani? Kiko stoo, nyuma ya magunia ya sabuni. Mimi niliona kikifunguliwa.” Akafuata mwingine, halafu mwingine. Afisa alikikuta palepale, kimejaa vumbi, akaifunga mashine siku ile ile.

Mambo hayakwisha haraka. Tulipanda na kushuka ngazi za ofisi ile majuma mengi, huku mama akijifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Mwishowe Bwana Haraka aliondolewa, kizuizi kikarudishwa, na bima ikakubali kulipa matibabu na fidia. Vidole havikurudi, na mpaka leo nikikumbuka hilo damu inanichemka. Vidole viwili vya mama yangu, kwa sababu mtu hakutaka mashine izime kidogo!

Siku ya mwisho afisa alivua miwani, akatutazama wote wawili. “Sahihi ni neno lako. Ukisaini usichokiona, unampa mtu fimbo akuchapie. Na ukiona hatari ukanyamaza, unamwachia mwenzako ajali. Hata mtoto anaweza kusema, kama huyu.”

Akasogeza fomu ya fidia. “Haya, mama. Saini hapa chini, kwa mkono wa kushoto.”

Mama alichukua kalamu, kisha akaiweka mezani. “Nisomee kwanza, mwanangu.”

Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikamsogezea kalamu.

“Na wa pili,” alisema mama. “Mpaka chini kabisa.”

Foleni mlangoni ilikuwa ndefu, lakini afisa alijiegemeza kitini, akangoja.