Pikipiki ya Moshi ya Melkizedeki

Kila asubuhi Melkizedeki alitoka nje, akasimama, akaiangalia pikipiki yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake siku hizi, kuangalia. Pikipiki ilikuwa imekufa uani. Mizinga yake ya nyuki ilikuwa mbali, ndani ya pori la Rungwa, imejaa asali. Na msimu wa kurina ulikuwa unakwisha.

"Baba Derick, uji unapoa," mkewe Febronia alimwita.

"Acha upoe. Tumeuza ng'ombe wa maziwa tukanunua chuma hiki. Sasa watoto wanakunywa uji mtupu kwa sababu yangu."

Hata Febronia moyo ulikuwa umevunjika. Lakini alikwenda kumwita jirani yao Ritha, fundi wa pikipiki.

"Shikamoo, Baba Derick."

"Marahaba. Umekuja msibani."

Ritha alifungua injini. Pistoni ilikuwa imekwama, imechubuka ubavu mzima.

"Petroli ulikuwa unachanganya na oili?"

"Mwanzoni, ndiyo. Ikatoa moshi, watu wakanicheka. Na harufu yake ikawatia nyuki hasira, wakanifukuza. Nikaacha. Mbona bodaboda hazichanganywi?"

"Bodaboda zina oili yake chini, inapanda kulainisha pistoni. Hii haina. Oili ya pistoni hupita pamoja na petroli. Ukiinyima, vyuma vinasagana mpaka vinashikana. Ule moshi kidogo ndio uzima wake. Mrina asali mzima unaogopa moshi?"

Melkizedeki aliinamisha kichwa. Aliona haya. Aliiua mwenyewe, kwa mkono wake.

"Na nyuki je?" aliuliza.

"Iache mbali na mizinga, umalizie kwa miguu. Kwa pikipiki hii, dumu la petroli la lita tano, tia nusu chupa ya soda ya oili ya kuchanganya. Tikisa vizuri. Sponji ya kuchujia hewa ioshe, vumbi lisiingie ndani. Na tairi umezijaza upepo kama za kubebea magunia! Kwenye mchanga punguza kidogo, zitashika njia."

Silinda ilipelekwa mjini kuchongwa na kutiwa pistoni mpya. Ilikawia. Melkizedeki alikaa akihesabu mizinga kichwani, akajua anaipoteza.

Iliporudi na kufungwa, aliichanganyia pikipiki oili kama alivyoambiwa, akaenda polepole mpaka porini. Safari hii mchanga haukumwangusha. Aliiacha mbali, akatembea.

Nyegere, wale wezi wa asali, walikuwa wamefika kabla yake. Mizinga ilikuwa chini, imepasuliwa, masega yametapakaa. Mingine ilikuwa mitupu, nyuki wamehama. Melkizedeki alikaa chini akalia kama mtoto. Kisha, kwenye mti wa mwisho, akasikia mvumo.

Alirudi nyumbani na ndoo moja ya asali.

"Moja tu?" Febronia aliuliza.

"Moja tu. Lakini mzinga ule una nyuki bado. Kesho narudi kutundika mingine."

Asubuhi alipima oili, nusu chupa, akaimimina kwenye dumu la petroli, akatikisa, akatia kiasi kwenye tangi. Pikipiki ikawaka, moshi ukatanda uani. Majirani wakaanza kucheka.

"Waache wacheke," Febronia alisema, akamfungia dumu nyuma ya kiti.